Sita

Mdogo wangu amejifungua mapacha salama, mwenye nyumba amepandisha kodi ya fremu, na mimi niko Prince Albert, Afrika Kusini, saa nane ya usiku, kwenye kitanda cha watu, nahesabu miezi kwa vidole.

Ni kwa sababu ya Calitzdorp. Tangu juzi sijatoka Calitzdorp, ingawa gari limetoka.

Tuliondoka Cape Town Jumatatu. Lile handaki la Huguenot, karibu kilomita nne ndani ya mlima, Mhasibu, mume wangu, alilipita kimya kama mtu aliyeko kwenye maombi. Montagu, Barrydale, Ladismith. Barabara ya 62, milima huku na huku, katikati vipande vya mizabibu iliyoanza kutoa majani madogo kama masikio ya panya. Kwangu hii ndiyo ilikuwa safari yenyewe, mnajua. Mtoto wa Hombolo kwenda kuona zabibu za wenzake.

Calitzdorp ni mji mdogo, unajulikana kwa mvinyo mtamu, mzito, wa mtindo wa Wareno. Siku hizi kwenye chupa wanaandika Cape Ruby au Cape Tawny, jina la zamani, port, wamewaachia Wareno wenyewe. Tukaingia shamba moja. Mama wa makamo akatumiminia. Zamu ya usukani ilikuwa yangu, kwa hiyo mimi nilikuwa naonja na kutema kwenye ndoo. Baba angeniona natema mvinyo, sijui ningejieleza vipi.

Nikamuuliza yule mama wanavuna lini. Akasema Februari, Machi, basi, mpaka mwakani. Nikamwambia kwetu Dodoma tunavuna mara mbili. Hakuamini. Nikamweleza kwamba kwao baridi inaulaza mzabibu na joto linauamsha, lakini kwetu baridi ya hivyo hakuna, mkulima ndiye anauamsha kwa mkasi. Anapogoa, anahesabu miezi, anavuna, anapogoa tena. Akacheka sana. "Basi mizabibu yenu haipumziki," akasema. Kisha, akiwa bado anacheka, akatugeukia wote wawili: "Na nyie, mko pamoja muda gani?"

Mhasibu alikuwa na glasi ya nne mkononi.

"Miaka sita," akasema.

Akachukua kipande cha chizi.

Huyu ni mtu aliyetugeuza njiani Worcester turudi kituo cha mafuta kwa sababu ya chenji ya randi tano. Huyu ndiye mwenye daftari la bei za sukari tangu tumeoana. Na harusi yetu inatimiza miaka minane Desemba hii. Mlioikosa mliiona kwenye picha, ile ya turubai kuwaangukia wanakwaya. Sita ni nini?

Nimeirudia ile dakika mpaka imechakaa. Kuna wakati naiona anachukua chizi kwanza, ndipo anasema sita, na hapo naona ni mtu tu aliyekuwa na njaa. Kuna wakati anasema sita kwanza, bila kuniangalia, na hapo moyo unakaa vibaya. Yule mama alisema "hongereni". Nikatabasamu. Nikatema kwenye ndoo.

Oudtshoorn wanafuga mbuni kwa wingi, nimeambiwa tulipita mabanda yao. Sikuona mbuni.

Nyumbani mtu asingeuliza vile. Nyumbani angeuliza watoto wangapi, na hilo nimeshalizoea, jibu lake ninalo mdomoni tangu enzi za vikao vya mama mkwe. Hili la miaka lilinikuta nimekaa tu.

Jana ilikuwa zamu yake ya usukani, na mbele yetu kulikuwa na Swartberg. Wasioijua: ni njia ya vumbi inayopanda mlima mpaka mita 1,583. Ilifunguliwa mwaka 1888. Msimamizi alikuwa Thomas Bain, wajenzi walikuwa wafungwa, na zile kuta za kuzuia barabara isiporomoke walizipanga kwa mawe matupu, bila saruji, zimesimama mpaka leo. Sasa mkataba wetu wa gari unasema ukiingia rafu rodi, bima haikujui. Mhasibu aliusoma uwanja wa ndege mstari kwa mstari, kidole kwenye karatasi, foleni nyuma inaguna. Nilikuwa na hakika atazunguka kwa lami.

Akakata kona ya mlimani. "Si ulisema unataka kuiona?"

Tulipanda mwendo wa mkokoteni. Kila gari lilipotokea mbele alisimama kabisa, akazima redio, likapita, akawasha redio. Juu kuna upepo wa kung'oa kilemba. Nikashuka, nikaweka mkono juu ya moja ya zile kuta, nikauliza kwa sauti ninayoulizia bei kwa wauzaji wa jumla:

"Sita uliitoa wapi?"

Hakuuliza sita gani.

"Aliuliza tuko pamoja muda gani."

"Ndiyo."

"Kimara nilikuwa peke yangu, Dokta."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi. Nilisahau, ilinitoka, pombe, utani. Hili sikuwa nimeliandalia neno. Kimara, kile kipindi tulichotengana, nimeiandika hapa mara nne, niliporudi kwenye gari nimezisoma tena zote. Katika zote nne mimi ndiye niliyerudi kwa baba na begi moja, mimi ndiye niliyeuza mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, kwa madumu kando ya barabara, na yeye ni mwanamume aliyepanga chumba mjini akaacha kupiga simu. Chumba hicho sijawahi kuingia ndani yake. Sijui hata kama kilikuwa na dirisha.

Bado nasema angeweza kumjibu nane. Mama wa watu alikuwa anamimina mvinyo, hakuomba hesabu zilizokaguliwa.

Nikamwambia hivyo hivyo. Akafikiri.

"Na nane pia siyo," akasema. "Ni saba na miezi tisa."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta wa wafungwa. Tukateremka upande wa pili, miamba myekundu imekunjwakunjwa kama matandiko, na chini ndiyo Karoo, tambarare, kijivu, vichaka vya kuhesabika. Mhasibu akauliza kwa heshima kama hili ndilo jangwa lenyewe. Nikamwambia hii ni Dodoma mwezi wa kumi, wameiba mibuyu tu. Amelirudia hilo kwa mwenye nyumba ya wageni, ambaye hakulielewa.

Sasa amelala, na mimi nina vidole vyangu. Saba na miezi tisa. Toa Kimara, kuanzia ile Ijumaa ya begi mpaka asubuhi ile alipokuja Hombolo na pikapu ya kuazima: mwaka mmoja na miezi tisa. Inabaki sita. Nimerudia mara tatu. Sita kamili, haizidi wiki.

Nilitaka nimwamshe nimuulize kuhusu dirisha. Lakini simu imeleta ujumbe wa binti wa duka langu la dawa, alioutuma saa mbili usiku: "Dokta umeme umekatika tangu saa kumi." Basi, hakuna kingine. Friji lina insulini ya mzigo mpya, inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 mpaka 8, na joto la Dodoma mnalijua. Nimemwandikia atafute boksi la barafu, aifunge kwa taulo isigusane na barafu, maana ikiganda ndiyo imeharibika kabisa. Kule sasa ni saa tisa. Tiki moja.