Programu iliyoipita 1.0

Jioni hiyo nilikuwa nasimamia maabara ya kompyuta, na mwaka wa kwanza wa uhandisi walikuwa na zoezi la kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Chanzo cha umeme volti 5, rezista ya kiloomu 10, kapasita ya maikrofaradi 47. Programu ya C itoe volti ya kapasita kila sekunde 0.1, mistari 10 kuanzia 0 hadi 0.9, ikome muda ukifika 1. Fomula ni V = 5(1 − e^(−t/RC)), t ni muda, na RC, yaani rezista mara kapasita, hapo ni sekunde 0.47.

Dada mmoja akaniita. "Kaka, skrini inasoma 1.0 kabisa, mbona haikomi?"

Kweli, mstari wa 1.0 ulikuwepo, na volti yake 4.4044 ilikuwa sahihi. Lakini mistari iliendelea kumiminika, volti zikawa 5.0000 tupu, mpaka tukaikatisha kwa Ctrl na C. Sharti la mzunguko wake lilikuwa while (t != 1.0), yaani rudia maadamu t si sawa na 1, na kila raundi t += 0.1, yaani ongeza 0.1.

Jirani yake akashauri aweke < badala ya !=, yaani urudie maadamu t iko chini ya 1. Ikakoma, ila mistari ikawa 11 badala ya 10. Wengi huridhika hapo kwa kuwa programu imetulia, wakati kosa bado limo ndani. Nikamwambia abadilishe %.1f iwe %.17f, ili t ichapishwe kwa tarakimu 17 baada ya nukta badala ya moja. Ile 1.0 ikajifunua: 0.99999999999999989. Raundi iliyofuata ilikuwa imeshavuka 1, kwa hiyo t haikuwahi kuwa sawa na 1.

Sababu tuliitafuta kwa kalamu. Kugeuza desimali kuwa baineri, yaani namba za 0 na 1 tu, unazidisha kwa 2, unaandika tarakimu iliyo mbele ya nukta, kisha unaendelea na kilicho nyuma yake. 0.1 inatoa 0.2, 0.4, 0.8, 1.6, inabaki 0.6, inatoa 1.2, inabaki 0.2, nayo tumeshaipitia. Basi ni 0.0001100110011 na kuendelea bila kikomo. Double, aina ya namba za desimali katika C, ina biti (tarakimu za baineri) 53 tu za kuishika namba hiyo, kwa hiyo inakadiriwa, na kila kujumlisha kunakadiria tena.

Mmoja akasema tofauti hiyo ni ndogo mno. Nikawaeleza kilichotokea Dhahran, Saudia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot, wa kutungua makombora, ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ukaizidisha hesabu hiyo kwa 0.1 iliyokatwa kwenye rejista ya biti 24. Baada ya kuwashwa takribani saa 100 mfululizo, saa yake ilikuwa imepotoka kwa sekunde 0.34 hivi. Kwa muda huo kombora la Scud hupita zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukalitafuta mahali lisipokuwepo, na wanajeshi 28 wa Marekani wakauawa.

Dawa yake ni kuhesabu kwa namba kamili: int i kutoka 0 hadi 9, na t = i / 10.0. Hiyo .0 ni ya lazima. Ukiandika i / 10, C inagawanya namba kamili kwa namba kamili na kutupa baki, t inakuwa 0 kila raundi, na jedwali zima linasoma 0.0000. Kuna waliokwama hapo hapo jioni ile.

Yule dada akauliza kama kuongeza 0.125 badala ya 0.1 nako kungemsumbua. Nikamwambia aijaribu kwenye programu yake ya kwanza, ile yenye !=. Mstari wa mwisho ukawa 0.875, programu ikakoma barabara. Nusu, robo na thumuni zinaingia kwenye biti bila kukatwa; 0.125 kwa baineri ni 0.001 basi.