Dubu Mweusi wa Great Smoky Anafuata Harufu ya Begi Lako

Hifadhi ya Great Smoky Mountains, mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina huko Marekani, ina dubu weusi wapatao 1,900, karibu wawili kwa kila maili ya mraba. Grizzly, yule dubu mkubwa wa kahawia, hayupo kabisa, na hilo ni la kukumbuka, maana ushauri wa kujifanya umekufa ni wa grizzly. Kwa dubu mweusi ni kosa kubwa.

Kumkaribia chini ya yadi 50, yaani kama mita 45, ni marufuku: faini hadi dola 5,000, au kifungo hadi miezi 6. Lakini usitegemee vipimo peke yake. Dubu akiacha kula na kukukodolea macho, tayari umemsumbua. Akipumua kwa kishindo, akigonganisha meno au kupiga ardhi kwa mguu wa mbele, anakutaka usogee. Rudi nyuma polepole huku ukimtazama. Usikimbie, maana hutamshinda mbio, na mti anaupanda vizuri kuliko wewe.

Akikufuata, simama, piga kelele, jikusanyeni muonekane wakubwa, mrushieni mawe. Akikushambulia kwa sababu ya chakula, kiache uondoke taratibu. Kama hana haja na chakula na bado anakuvamia, pambana naye kwa chochote kilicho mkononi.

Ila hatari nyingi huanzia kambini. Kambi za msituni zina waya wa chuma wenye kapi, uliofungwa juu mitini. Fungua kibanio cha chini, shusha ndoano, tundika mfuko wa chakula, uvute hadi juu kabisa, kisha rudisha kibanio mahali pake. Watu hukosea hapo mwisho: mfuko unaachwa nusu njia, au mkanda wake unaning'inia hadi dubu anaufikia. Wengine hutundika chakula wakalala na dawa ya meno, sabuni na maganda ya chokoleti hemani. Kwa pua ya dubu, vyote hivyo ni chakula. Na inauma, kwa sababu dubu aliyeonja vyakula vya watu hupoteza woga, na huenda akaishia kuuawa kwa uzembe wa mtu aliyekwisha kurudi kwake.

Kopo la pilipili la kufukuzia dubu likae kiunoni. Likiwa ndani ya begi halitakufaa kitu. Chomoa kizuizi, lenga chini kidogo mbele ya uso wake, upulize akiwa mita 6 hadi 9, ukiangalia upepo usikurudishie mwenyewe. Usilipake kwenye hema wala nguo kama dawa ya mbu, halikingi hivyo. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi, kwani mgandamizo hupungua likikaa miaka. Ndegeni haliruhusiwi, si mkononi wala kwenye mzigo, kwa hiyo linunue ukishafika.