Kukaa mashuani kipupwe hiki, Lamu mpaka Kiwayu (mradi bado unaendelea)

Haya jamani, mashua ishakuwa nyumba. Tangu masika yapungue nalala humu, napika humu, naoga humu kwa ndoo na kata, na kila nikishuka mjini naulizwa swali lile lile, mbona kusi (msimu wa upepo wa kusini)? Si ungengoja kaskazi, upepo wa kaskazini, bahari itulie? Mimi naona kinyume kabisa. Kama hutoki nje ya visiwa, kusi ndo msimu wenyewe wa kuishi kwenye chombo. Usiku nyuzi 24 hivi unajifunika blanketi, upepo unawapeleka mbu kwao, na jabia (matangi ya kuwekea maji ya mvua) za visiwani bado zina maji maana mvua kubwa za mwezi wa tano zishazijaza, nenda mwezi wa pili uone watu wanavyokwangua chini. Nje kwenye bahari kuu sawa, huko mwezi wa saba si kwa kuchezea, pale mlangoni Shela tu mawimbi yanakutosha. Lakini nani kasema nataka kwenda nje?

Chombo chenyewe kwa wale wapya: mashua ya futi 28, ilikuwa ikibeba boriti na mchanga, ni ya ami yangu na yeye ndo nahodha, mimi ni baharia na mpishi na fundi wa umeme. Nyuma nimetandaza turubai juu ya fito za mikoko, kitanda ni mbao zilizolala juu ya mataruma (mbavu za chombo), chini ni ngama, pale maji yanapotuama, na ngama ina harufu yake, mgeni anaitambua mapema sana. Maji ya kunywa na kupikia mitungi minane ya lita 20, watu wawili tukienda lita kumi kila mtu kwa siku inafika wiki na kitu. Kuoga ni maji ya bahari kwanza, kata mbili za maji matamu mwisho. Sola ya wati 100 iko juu ya turubai, inatosha taa na simu, ila siku ya mawingu au kivuli cha foromali (boriti inayobeba tanga) kikiiangukia basi betri inalia mapema. Jiko ni la makaa ndani ya sanduku la mchanga kama majahazi ya zamani, na hapa sikuleta ujanja wowote, waliotutangulia walishalimaliza hilo swali.

Kitu ambacho watu hawakwambii kuhusu kulala kwenye mkondo ni huu. Unatia nanga vizuri, omo (mbele ya chombo) imetazama upepo, moshi wa jiko unaenda nyuma, raha. Halafu maji yanageuka. Sasa mkondo unavuta huku na kusi inasukuma kule, chombo hakijui kimtii nani, kinakaa ubavu, mara kinatoa tezi (nyuma) kwa upepo, moshi wote unaingia kitandani na amari, kamba ya nanga, inapita chini ya mkuku (uti wa chini wa chombo) inasugua usiku kucha krr krr krr. Dawa tuliyoiona inafaa ni nanga mbili, moja ya omo na moja ya tezi, chombo kinabaki kimenyooka na mkondo na upepo ufanye utakalo. Lakini hiyo ni mahali pembamba tu, kwenye vijito. Mbele ya mji ukiweka nanga mbili wenye boti za faiba watakutukana maana wao wanazunguka na wewe huzunguki.

Mkanda sasa. Kwa asiyepajua, ni ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, ndo njia ya kwenda kisiwa cha Pate bila kupita nje, mikoko huku na huku (zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na ukipita pale unaamini). Maji yakitoka chombo kama chetu hakipiti, kinapwelewa kwenye tope. Kwa hiyo safari yote inapangwa kwa ajili ya Mkanda. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) huku maji hujaa kama saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na saa nne asubuhi yashakauka, tofauti ya juu na chini inafika kama mita 3. Kila siku inasogea mbele dakika 50 hivi. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, ni kinyume, yanajaa saa nne saa tano, saa nzuri ya kusafiri mchana mwangavu, ila hayajai sana, ukiwa na mzigo unagusa. Mimi nina programu ya maji kwenye simu, ami ana mwezi. Alitazama juu akahesabu vidole akasema, "Tungoje laasiri, tuswali kisha tung'oe." Simu ikasema saa kumi na dakika ishirini. Sikumuonyesha.

Ukitoka Mkanda unaingia ghuba ya Manda na huko mambo mapya, ile bandari kubwa iliyofunguliwa 2021, usiku taa zake zinaonekana mbali sana. Sisi tulijiweka mbali na njia ya meli na tukalala upande wa Mtangawanda, kisiwani Pate.

Siyu, mji wa huko huko Pate, ndo ilinipa raha zaidi. Unaingia kwa kijito ndani ya mikoko, lazima uingie maji yakijaa na utoke maji yakijaa, katikati hapo chombo kinakaa juu ya tope na wewe ni mkaazi wa Siyu utake usitake. Mkuku wetu umenyooka kwa hiyo tukaweka gadi (magogo ya kuegemeza) pande mbili, mashua ikasimama wima kama meza, nikapika wali na kaa wa pale pale bila chungu kuteleza hata kidogo. Hakuna usingizi mzuri kama wa chombo kilichopwelewa, hakitikisiki. Tukaenda kuitazama ngome, na mji wenyewe zamani ulisifika kwa kazi za ngozi na kwa kunakili misahafu kwa mkono, ukikaa pale jioni kimya kimya unaona inaingia akilini, mtu angepata wapi utulivu wa kuandika kama si huku. Nilikuwa nimepanga tutoke kesho yake. Ami akasema kwani una ofisi? Tukabaki.

Faza, mji mwingine wa Pate, tulipita tu, maji ya kunywa na makaa.

Kizingitini, bado Pate, wavuvi wengi walikuwa nchi kavu, mwamba wa nje unapigwa sana wakati huu, kwa hiyo ni kushona nyavu na kupiga kalafati (kuziba mianya ya mbao kwa pamba) na kupiga soga. Tulialikwa chai na mahamri kila tulipogeuka, na samaki wa ndani ndani hakukosa, tafi na changu. Bei za kamba-mti siandiki hapa, mtaniletea maneno.

Kiwayu ni kisiwa kirefu chembamba, chenyewe ndo kinga, unalala upande wa bara na kusi inapita juu yako, unayasikia mawimbi yakivunja upande wa pili na wewe chai haimwagiki. Ukipanda kile kilima unaona bahari mbili, moja nyeupe kwa povu na moja kama ya kwenye karai. Wenyeji wanasema huu ndo wakati wa nyangumi kupita nje, sisi tulikodoa macho tukaambulia povu.

Kwenda ilikuwa kufuata upepo, tanga limejaa, mtu anaweza akajiona nahodha. Kurudi ni bisho, kwenda kinyume na upepo. Na tanga letu la pembe tatu kila mkigeuza ni kuhamisha foromali yote upande wa pili wa mlingoti, watu wawili, upepo unawavuta, mimi mikono ilitoka malengelenge. Tulichofanya ni kung'oa nanga alfajiri kabla kusi haijaamka, tukiwa na tanga dogo na mkondo unaotupeleka, ikifika saa nne upepo ukichachamaa tunajificha nyuma ya mikoko tunalala. Injini ya nguvu farasi 15 tuliiwasha pale tu mkondo unataka kugeuka na Mkanda bado uko mbele, petroli ya visiwani ina bei yake.

Hali ya chombo saa hizi: maji yanaingia zaidi kidogo ya mwanzo, ubao mmoja karibu na tezi kalafati imelegea, natoa ndoo mbili asubuhi na mbili jioni. Bamvua ijayo tunaipandisha Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo kisiwani Lamu, tunaiinamisha, tunachoma chini kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, pamba mpya, halafu deheni (dawa ya kupaka chini ya chombo) ya shahamu na chokaa. Nikiwa huko nataka pia kuhamisha sola iende juu ya tezi kabisa ambako foromali haifiki, kuna mtu amewahi kufanya hivyo kwenye mashua? Nahofia wakati wa kugeuza tanga kamba ya demani (ya kuvutia tanga) itaikumba.