Ned Kelly na plau ya jirani

Tuko wanne hapa Tabora tunaochezea sanamu ndogo: fundi saa, mwalimu wa sekondari, kijana wa duka la spea, na mimi ninayekula kwa kuandika mabango. Kila mwaka tunapeana kazi moja ya kutesana. Safari hii aliyechagua ni mwalimu: wahalifu watatu mashuhuri wa zamani, kila mmoja asizidi milimita 35, siku 30, atakayechelewa anunue soda za wote.

Jina la kwanza kutajwa lilikuwa Tippu Tip, na ugomvi ukaanza hapo hapo. Kijana akasema mtu aliyepitisha pembe za ndovu na watumwa katika njia hizi zetu anastahili kuliko yeyote wa nje. Fundi saa akajibu kwamba yule alikuwa mfanyabiashara wa zama zake, tumwache alale. Mimi nilinyamaza, kisha nikachagua watu wa mbali, na wala haikuwa busara. Ukimpaka mtu rangi unakaa naye uso kwa uso wiki nzima, na yule sikuwa tayari kukaa naye.

Nikachukua Al Capone, bosi wa genge la Chicago, haramia Blackbeard, na jambazi Ned Kelly wa Australia.

Kwa kuwa nta hapa kwetu haikosekani, nilifinyanga wote watatu kwa nta. Nikawapanga dirishani, nikaenda kuandika bango la saluni. Ilikuwa Oktoba, saa saba mchana. Niliporudi Capone alikuwa ameinama hadi magotini kama anayeswali, na Blackbeard amemlalia begani. Siku tano zimepotea. Nikaanza upya kwa kusokota mifupa ya waya wa kufungia nondo, na nyama nikaiweka kwa ile gundi ya mafundi bomba, ya vipande viwili unavyovikanda pamoja. Inakauka upesi, kwa hiyo unakanda ya ukubwa wa harage tu, unamaliza mkono mmoja, ndipo unakanda nyingine. Baada ya hapo nikawapulizia praima ya kijivu, ile ya kopo ya kupakia pikipiki.

Rangi ya akriliki nayo kwenye joto hili inakufia kwenye brashi. Dawa niliyoipata ni sifongo ya kuoshea vyombo, ikalowa vizuri, nikaiweka kwenye sahani na juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi ukiimwaga juu ya karatasi ile inakaa mbichi mchana kutwa. Mke wangu aliidai sifongo yake siku mbili, akachoka.

Blackbeard hakunisumbua. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichomeka tambi zinazofuka moshi chini ya kofia ili atishe, kwa hiyo nilimwekea nyuzi za katani, nikazibabua ncha kwa kiberiti, nikagusa nukta ya rangi ya chungwa. Ndevu ni katani hiyo hiyo, nyeusi. Jioni moja tu.

Capone ndiye aliyenifundisha adabu. Mara ya kwanza nilimpa nyusi zilizokunjwa na mdomo wa hasira, akatoka kama kinyago cha kutishia watoto. Nilipozitazama picha zake tena nikaona mtu mnene, mchangamfu, ungeweza kumpa maiki aongoze harusi. Na kesi iliyomfunga, mwaka 1931, ilikuwa ya kukwepa kodi ya mapato, miaka 11, si ya damu iliyomwagika Chicago. Nikafuta uso wote. Likabaki kovu la shavu la kushoto. Nilichora mstari wa waridi, likaonekana plasta. Nikaupunguza, likaonekana chozi. Fundi saa aliniazima lensi yake ya jichoni, nikanyoa brashi hadi nywele tatu, na safari hii sikuchora kovu: nilichora kivuli chembamba cha kahawia pembeni yake, ngozi yenyewe nikaiacha. Likakaa.

Kelly nilimdharau. Hana uso, ana ndoo ya chuma kichwani yenye upenyo wa macho. Nikampaka fedha yote, akawa sufuria mpya ya dukani.

Deraya ya Kelly, yaani vazi lake la chuma la kuzuia risasi, ya kilo 44 hivi, ilifuliwa kwa mabapa ya plau. Na plau ninaijua ilipo: mzee jirani yangu, aliyehamia mjini kutoka Nzega, ameegemeza yake ukutani miaka mingi. Nilimwamkia, nikaomba kuitazama, nikachuchumaa pale na vikopo vyangu. Chuma chake hakina fedha hata kidogo. Ni kahawia inayokaribia weusi, kutu ya chungwa imekaa kwenye matundu ya bolti, na ukingoni, pale udongo ulipokuwa ukisugua, kuna ung'avu wa buluu. Nikapaka kahawia nyeusi, nikadonoa chungwa kwa kipande cha sifongo, mwisho nikapitisha brashi kavu yenye chembe ya buluu na nyeupe kwenye kingo tu. Mapajani nikaweka damu, maana miguu haikuwa na chuma na ndiko polisi walikompiga risasi pale Glenrowan, Juni 1880. Novemba akanyongwa Melbourne.

Ubavuni, chini ya bapa, nimeacha mstari wa kijani usiofika milimita moja. Ni mshipi wa hariri aliopewa utotoni kwa kumwokoa mtoto aliyekuwa anazama, na siku ile aliuvaa ndani ya deraya. Waamuzi wangu hawakuuona. Nilishika nafasi ya pili. Mwalimu alishinda, na soda alinunua kijana wa spea.

Mzee nilimpelekea Kelly amwone. Alimgeuza kiganjani muda mrefu, akachungulia kwenye upenyo wa macho.

"Plau yangu hii," akasema. "Sasa huyu alikuwa analimia nini?"