Kasisi si wa kuponya tu

Tumetoka mezani sasa hivi, mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons. Kasisi wa ngazi ya 5 amewasha uchawi wa Spirit Guardians, mizimu ikamzunguka futi 15 kila upande.

Adui akiingia humo, anaumia kwa jumla ya dadu 3 za pande 8. Akifaulu kipimo cha Hekima, nusu. Mwendo wake nao unakatwa nusu.

Kwa hiyo usijifiche nyuma! Ingia katikati, zamu zinazofuata tumia kitendo cha kukwepa.

Maana uchawi huu unashikiliwa kwa umakini: ukiumia, kipimo chako cha uimara wa mwili lazima kifikishe 10, au nusu ya madhara ikiwa ni zaidi, la sivyo unazimika.

Leo jumla ikatoka 9.

Tisa.

Mizimu ikayeyuka, meza nzima kimya.

Makasisi wenzangu, nyie mnalindaje umakini wenu?