Kukalika si kukaliwa: Alhamisi moja kwenye dawati la habari za nje

Saa 11 alfajiri
Simu imeniamsha kabla ya adhana. Shemeji yangu wa Tanga ametuma picha kwenye kundi la familia: bahari ya zambarau chini ya jua jekundu, na juu yake maandishi makubwa, "UHAI WAPATIKANA SAYARI NYINGINE". Mama mkwe ameshauliza kama viumbe hao wanatuona. Leo ni Aprili 17, 2025, na kwa habari kama hii najua dawati langu litakuwaje.

Ile picha imechorwa. Sayari yenyewe, K2-18b, iko umbali wa miaka ya mwanga 124, na hakuna mtu aliyewahi kuiona bahari yake, kama ipo.

Saa 1 na nusu asubuhi
Mwendokasi kutoka Kimara. Mvua ya masika imenyesha usiku kucha lakini Jangwani bado panapitika. Vijana wawili waliosimama karibu yangu wanabishana kama viumbe hao watakuwa na dini. Natamani kuwaeleza, ila kituo cha Fire kimefika.

Saa 3 asubuhi
Natafuta taarifa ya chuo chenyewe, Cambridge, kabla ya kugusa za mashirika ya habari. Kundi la Profesa Nikku Madhusudhan limetumia darubini ya James Webb. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga kidogo wa nyota hupenya hewa ya sayari, na kila gesi hula rangi zake kwenye mwanga huo. Kwenye rangi zilizoliwa wameona alama inayofanana na ya dimethili salfaidi, au ndugu yake wa karibu. Hapa duniani gesi hiyo hutengenezwa zaidi na vijimea vidogo vya baharini.

Nasoma nikiwa na kalamu nyekundu, nikizungushia kila "huenda" na kila "ikithibitishwa". Ni nyingi. Madhusudhan mwenyewe anahimiza tahadhari na vipimo zaidi. Kisha nafungua habari tatu zilizotokana na taarifa hiyo, na "huenda" nyingi zimeshaanguka njiani. Hakuna aliyedanganya. Kila mkono umefupisha kidogo, na katika kufupisha, neno linaloonekana halina kazi ndilo linalotupwa kwanza.

Saa 5 asubuhi
Taarifa inasema alama ile ina nguvu ya "sigma tatu", basi nampigia mhadhiri mmoja wa fizikia anielezee. Nakaa naye kwenye simu nusu saa, na hapa ndipo siku yangu ilipopata thamani. Anasema: chukulia gesi hiyo haipo kabisa. Je, kelele za vipimo peke yake zingeweza kuchora alama kama ile? Zingeweza, kama mara 3 katika kila mara 1,000. Basi, ndiyo maana ya namba ile. Lakini mtandaoni nimeshaona wanaoigeuza kuwa "uhakika wa asilimia 99.7 kwamba kuna uhai". Namba inazungumzia alama kwenye mchoro. Kutoka kwenye alama hadi kwenye gesi kuna mlango, maana gesi nyingine inaweza kufanana nayo. Kutoka kwenye gesi hadi kwenye uhai kuna mlango mwingine, na huo ni mzito: gesi hiyohiyo imeonekana kwenye kometi (nyota mkia) iitwayo 67P, mahali pasipo na kijimea hata kimoja.

Kipimo wanachokubaliana wanasayansi ili kuitwa ugunduzi ni sigma tano, kikali zaidi ya hicho. Kundi lile linasema ili kufika hapo huenda zikahitajika saa 16 hadi 24 zaidi za darubini.

Saa 7 mchana
Wali maharage kwa mama ntilie, pamoja na msanifu wa kurasa. Namsimulia habari ya Schiaparelli, Mtaliano aliyechora ramani ya sayari ya Mirihi mwaka 1877 na kuandika "canali". Kwa Kitaliano neno hilo laweza kuwa mikondo ya asili tu. Kiingereza kikalifanya mifereji ya kuchimbwa, na penye mfereji wa kuchimbwa lazima awepo mchimbaji. Percival Lowell alijenga kituo cha darubini Arizona mwaka 1894 na kutumia miaka mingi akiwaeleza watu habari za wachimbaji hao. Mwaka 1965 chombo cha anga Mariner 4 kikapita na kupiga picha. Mifereji hakuna.

Saa 9 alasiri
Kichwa cha habari. Mhariri wangu anataka "uhai wagunduliwa". Anasema kichwa chenye "huenda" hakisimami. Namwambia: mama, asubuhi kwenye meza ya magazeti watu wanasoma wamesimama, mikono nyuma, wanaondoka bila kununua. Kwa hao kichwa ndiyo habari nzima. Amenyamaza kidogo, kisha akakubali: "Gesi inayohusishwa na uhai huenda ipo sayari ya mbali". Nimefurahi kupita kiasi.

Saa 11 jioni
Furaha imekatika. Kadi ya mtandaoni imetoka ikisema "sayari inayokaliwa". Mimi niliandika "inayokalika", yaani huenda inafaa kuishi. K moja imegeuka w, na dunia tupu imepata wakazi. Nimemkimbilia dada wa mtandaoni; amerekebisha papo hapo, akaniomba radhi kwa moyo. Lakini kadi ya kwanza ilikuwa imeshasambazwa na watu wengi, na kadi ya marekebisho haitawafikia. Februari ilikuwa hivyohivyo kwa asteroidi 2024 YR4, lile jiwe la angani: uwezekano wa kuigonga dunia ulipofika asilimia 3.1 kundi la familia halikulala. Uliposhuka hadi karibu na sifuri siku chache baadaye, hakuna aliyetuma kitu.

Saa 2 usiku
Kijiwe cha kahawa, Kimara. Kadi ya "inayokaliwa" imeshafika kabla yangu. Mzee anayemimina ananiuliza, "Mwandishi, ni kweli?" Nimemweleza yote, alama, gesi, milango. Amesikiliza hadi mwisho, birika mkononi.

"Kwa hiyo mtu mmoja amesema ameuona mwezi," akasema, "na mbingu ilikuwa na mawingu."

"Ndiyo, mzee. Tunasubiri wengine wauone."

"Sasa mbona watu wameshaanza kupika pilau?"

Nimetoa simu, nikamwandikia mama mkwe jibu refu. Bado hajalifungua.