Nyanya nilizolipia nisizile

Msimu wa pili tangu ninunue hisa katika shamba moja dogo la mboga, mvua ilinyesha mfululizo wiki tatu. Kapu langu likaja na kabichi, vitunguu vya majani, na kabichi nyingine. Nyanya hamna.

Nilikwenda shambani nimejaa maneno. Mkulima hakubishana nami. Alichuma jani moja la mnyanya, akaligeuza: mabaka ya kahawia, na pembeni mwake ukungu mweupe kama unga uliopulizwa. "Bakajani hii, dada. Ukiiona leo, siku chache tu shamba zima linakuwa kama limemwagiwa maji ya moto." Kweli, nyuma yake matuta mazima yalikuwa yamesinyaa, yananuka uozo. Maneno yangu nikayameza.

Mpango wenyewe nilikuwa naujua, nilitia saini mwenyewe. Unalipa kabla mbegu hazijaingia ardhini, halafu kila wiki unachukua fungu lako la kilichovunwa. Kikizidi tunagawana, kikipungua tunagawana vilevile. Hela hiyo ya mwanzo ndiyo inayonunua mbegu na mbolea, mkulima asiingie kwenye mkopo wa riba wala asimuuzie dalali mazao yangali shambani. Wajapani wanauita teikei, wamekuwa nao tangu miaka ya 1970. Marekani ulianza 1986 katika mashamba mawili, moja Massachusetts, jingine New Hampshire. Hayo niliyasoma usiku ule nikitafuta nchi ambayo mwanachama hurudishiwa pesa za nyanya. Sikuipata.

Ila lawama moja sikuiacha, na mpaka leo naona nilikuwa na haki: kwa nini tulijulishwa na kapu lisilo na nyanya? Kama hasara ni yetu sote, basi na habari iwe yetu sote. Wenzetu watatu waliondoka msimu ule, na nadhani hawakukimbia kabichi, walikimbia ule ukimya. Nilimwambia hivyo hivyo. Tangu hapo kila Alhamisi anatutumia ujumbe wa sauti: kipi kimeota, kipi kimeliwa na viwavi, nani ana nafasi aje kupalilia. Mara nyingine unasikia jembe linagonga huku anaongea.

Juzi mvua ilianza saa nane za usiku. Nikashika simu, nikamwandikia neno moja: "Nyanya?"

Akajibu papo hapo, kumbe naye alikuwa macho. "Nimezifunika nailoni tangu jioni. Lala, dada."